Mchungaji Akiacha Picha: Namna ya Kutunza na Kusimulia Maisha ya Mtumishi Aliyekuwa Mchoraji

Hasara kubwa hutokea siku ya tatu au ya nne baada ya mazishi. Wageni wanaaga, shangazi anaomba ile picha ya wavuvi iwe ukumbusho, mzee wa kanisa anaomba ile ya Msamaria, jirani anabeba mbili ndogo za sebuleni. Kwa heshima ya msiba hakuna anayekataa, na hakuna anayeandika. Mwaka ukiisha, familia inataka kuandaa ibada ya kumbukumbu yenye picha ukutani, na hapo ndipo inagundulika kwamba nusu ya kazi za marehemu haijulikani iliko.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa familia au usharika uliofiwa na mchungaji aliyekuwa mchoraji ni huu: anzeni na picha, hotuba zitafuata. Jinsi mchungaji mwenye huruma alivyowatazama watu iko kwenye picha zake kuliko kwenye vyeti vyake. Picha zikipotea, wasifu utakaosomwa utakuwa orodha ya vituo alivyohudumu na watoto aliowaacha, na mwishoni ule mstari mmoja unaoumiza: "Pia alipenda kuchora."

Mfano mzuri wa kazi hii kufanywa vizuri, na wa kufanywa vibaya, unapatikana katika familia moja ya Uholanzi. Vincent van Gogh hakuwahi kuwekewa mikono kuwa mchungaji, ila alikuwa mtoto wa mchungaji, na kabla ya kushika rangi alikuwa mwinjilisti. Mwishoni mwa 1876 alihubiri kwa mara ya kwanza katika kanisa la Wamethodisti huko Richmond, Uingereza, neno likiwa Zaburi 119:19, "Mimi ni mgeni katika nchi." Desemba 1878 akaenda Borinage, eneo la migodi ya makaa ya mawe Ubelgiji, na mapema 1879 akapewa kazi ya uinjilisti ya miezi sita huko Wasmes. Aliingia mgodini akashuka karibu mita 700. Aligawa nguo zake, akalala kwenye majani makavu katika kibanda, akauguza wagonjwa na waliojeruhiwa migodini. Aprili mwaka huo mlipuko wa gesi katika mgodi wa Agrappe, Frameries, uliua watu zaidi ya 100. Julai kamati iliyomwajiri haikumwongezea muda. Ripoti yao ilisifu alivyojitoa kwa wagonjwa na majeruhi, ikasema alipungukiwa kipawa cha kusema mbele ya watu. Mwaka mmoja baadaye, akiwa Cuesmes palepale Borinage, aliamua kuwa mchoraji, na wachimba migodi wakiwa njiani kwenda kazini ni kati ya michoro yake ya mwanzo kabisa.

Nitarudi kwake mara kwa mara, kwa sababu baadhi ya makosa tunayoyaonya hapa yaliipata familia yake.

Wiki mbili za kwanza

Chagueni mtu mmoja wa kushika ufunguo wa chumba cha kazi. Mmoja tu, na jina lake litangazwe mbele ya ndugu wote ili asiulizwe kila siku. Si lazima awe mtoto wa kwanza. Awe mtu anayeandika vizuri, mvumilivu, na asiyekuwa na haraka ya kugawa. Anayetaka picha aambiwe kwa upole kwamba jina lake litaandikwa, na picha itatoka baada ya orodha kukamilika. Kisheria pia ndivyo inavyotakiwa: mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, picha ni mali ya mirathi kama shamba au gari, na hakuna mwenye ruhusa ya kuuza wala kugawa.

Kabla ya kugusa kitu chochote, piga picha ya chumba kizima kutoka pembe zote nne, kisha ukutani, mezani, na sakafuni palipodondokewa na rangi. Utakapotaka kujua picha fulani ilikuwa ya mwisho au ya zamani, mahali iliposimama patakujibu.

Usisafishe. Hili hukosewa kwa mapenzi: mtu anachukua kitambaa chenye maji na sabuni "zing'ae kabla wageni hawajaja". Maji hupenya kwenye nyufa za rangi, kanvasi inavuta na kulegea, na rangi inabanduka vipande vipande. Wengine husugua kwa kiazi au kitunguu kilichokatwa, au kwa mkate. Mabaki yake ya wanga na sukari hubaki juu ya rangi na kuwa chakula cha mende na ukungu. Kama rangi imeshikamana vizuri, pangusa vumbi kwa brashi laini kavu, pana, mkono mwepesi kama unayempangusa mtoto usoni. Kama kuna mahali rangi imeinuka kama magamba ya samaki, usipanguse kabisa. Ilaze picha hiyo chali, uso juu, na iandikwe "mgonjwa".

Picha iliyo kwenye stendi ya kuchorea, na zile alizozimaliza miezi ya mwisho, zichukulieni kuwa bado mbichi. Rangi ya mafuta ikipakwa nene huganda juu mapema ila ndani inaweza kubaki laini miezi sita, mwaka, hata zaidi. Ukiifunga nailoni au ukiisimamisha uso kwa uso na nyingine, zitagandana. Akriliki hukauka siku hiyohiyo, lakini kwenye joto la pwani hulainika na kunata, kwa hiyo nayo isibanwe na kitu usoni.

Kuhesabu na kuandika

Nunua kauntabuku moja nene na penseli za 2B. Kompyuta itumike pia, ila daftari lisikosekane, maana daftari halihitaji neno la siri wala chaji.

Kila kazi ipewe namba: 001, 002, 003, kwa mpangilio mnaozikuta. Msijaribu kuzipanga kwa miaka sasa, mtakwama siku ya kwanza. Namba ni jina la kazi tu, haielezi lini ilichorwa. Iandikwe kwa penseli laini kwenye ubao wa fremu ya nyuma, wala si kwenye kanvasi yenyewe. Kalamu ya wino na maka peni hupenya nyuzi, na baada ya miaka utaona namba ikichomoza upande wa mbele katikati ya anga. Kwa karatasi, namba ikae nyuma, pembe ya chini kulia, ikiandikwa taratibu bila kukandamiza. Kwa plaiwudi na hadibodi, andika nyuma, pembeni.

Kila namba ipate mistari yake: jina aliloipa yeye, jina mnaloliita nyinyi, likiwa kwenye mabano, mwaka, vifaa, kipimo, kama kuna sahihi na iko wapi, maandishi yoyote ya nyuma, yanakiliwe neno kwa neno pamoja na makosa, hali yake, ilipo leo, na kama imetoka, nani anayo, kwa kununua au kwa zawadi.

Kipimo kiwe kwa sentimita, kimo kwanza kisha upana, bila fremu ya nje. Mkichanganya mpangilio huo, picha iliyosimama na iliyolala zitakuwa na vipimo sawa kwenye daftari, na siku moja ikiibiwa mtatoa maelezo ya picha nyingine.

Msibuni majina. Kama hakuipa jina, andikeni "Haina jina (wanawake watatu kisimani)". Jina la kubuni likishachapwa kwenye kijitabu cha ibada, baada ya miaka kumi litakuwa ukweli, na mtu atahubiri juu yake akidhani ni maneno ya marehemu. Miaka ni hivyohivyo: "karibu 1998" au "kabla ya 2003" ni jibu zuri, mradi mwandike linatokana na nini. Dalili ziko nyingi: gazeti lililobandikwa nyuma ya fremu, risiti ya rangi, kalenda, picha za harusi ambazo kazi yake inaonekana ukutani nyuma ya maharusi. Pitieni albamu za washirika. Picha za ubarikio na za harusi husaidia kuliko mtu anavyofikiri.

Wako watumishi walioirahisisha kazi hii wenyewe. Howard Finster, mchungaji wa Kibaptisti wa Georgia, Marekani, alihubiri miaka mingi, na alisimulia mwenyewe kwamba aliwauliza washirika jioni juu ya mahubiri ya asubuhi akakuta hayakubaki vichwani mwao. Mwaka 1976, akipaka rangi, aliona uso katika tone la rangi kwenye kidole chake, akasikia ameitwa kuchora picha takatifu. Alichora kwa rangi ya trekta juu ya plaiwudi na chochote alichokiokota, na kila kazi aliipa namba. Alipofariki 2001 namba zilikuwa zimepita 46,000. Kama mchungaji mchoraji unayemfahamu bado yu hai, mwombe leo aanze kuandika namba na mwaka nyuma ya kila kazi. Hiyo ni dakika moja kwake, na inawaokolea miezi kadhaa watakaobaki.

Kwa Vincent, orodha ya kwanza iliandikwa na Andries Bonger, kaka wa mke wa Theo (mdogo wake Vincent), karibu na wakati Theo alipokufa Januari 1891, miezi sita tu tangu kifo cha Vincent. Ilikuwa na michoro ya rangi zaidi ya 300. Johanna, mjane wa Theo, alikuwa na umri wa miaka 28 na mtoto mchanga. Orodha ile ndiyo iliyomwezesha kujua alichorithi, na kwa miaka iliyofuata akashika daftari la kila kilichouzwa na kwa bei gani. Upande wa mama yake Vincent mambo yalikwenda vingine. Alipohama Nuenen 1886, masanduku ya kazi za Vincent yaliachwa kwa fundi seremala mjini Breda kwa sababu ya hofu ya wadudu wa mbao. Hayakufuatwa. Mwishowe yakachukuliwa na mwuza vitu chakavu, nyingine zikauzwa kwenye mkokoteni kwa senti chache, nyingine zikaharibiwa. Mtu yuleyule, familia ileile, tofauti ni daftari na mtu wa kufuatilia.

Kupiga picha kwa simu

Simu ya kawaida inatosha. Toa kazi nje kwenye kivuli cha wazi, barazani upande usiopigwa na jua, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Isimamishe wima. Simama mita mbili nyuma, kisha vuta kwa zumu, badala ya kusogea karibu. Ukisogea sana, kingo hujipinda na picha ya mraba inatoka kama pipa. Simu iwe usawa wa katikati ya picha na sambamba nayo. Usitumie flashi, itaacha doa jeupe kwenye rangi inayong'aa. Weka karatasi nyeupe na rula pembeni katika pigo moja, kisha piga nyingine bila hivyo. Mapigo manne kwa kila kazi: mbele, nyuma, sahihi, na palipoharibika.

Majina ya mafaili yafuate daftari: 001_mbele, 001_nyuma. Usihifadhi kwa kutuma kwenye kundi la WhatsApp kama picha, kwa kuwa hubanwa na kupoteza ubora. Ukilazimika, itume kama hati. Nakala ziwe tatu, na moja iwe nje ya nyumba hiyo. Mwaka 1997 moto uliiteketeza nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi, iliyoanzishwa na mchoraji Elimo Njau na wenzake, na kazi nyingi zikaenda nayo. Nakala iliyoko chumba cha pili cha nyumba ileile si nakala.

Andika pia rangi kwa maneno. "Ukuta wa zambarau, mlango wa kijani." Inaonekana kama kupoteza muda mpaka ujue kwamba kuta za chumba cha kulala alichokichora Vincent huko Arles mwaka 1888 leo zinaonekana za buluu. Katika barua zake aliziita za zambarau. Wekundu uliokuwamo ulififia kwa mwanga, na tusingejua kama asingeandika.

Mahali pa kuziweka

Picha zisimame wima, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, katikati kukiwa na kipande cha boksi kikubwa kuliko picha yenyewe. Ziinuliwe sentimita 10 au zaidi kutoka sakafuni kwa matofali na mbao. Ziwe mbali na ukuta wa nje, jiko, dari ya bati isiyo na silingibodi, na dirisha la magharibi. Funika kwa shuka kuukuu la pamba lililofuliwa na kusuuzwa vizuri. Nailoni ndiyo adui anayependwa: inazuia vumbi, kweli, lakini inafungia unyevu, na masika moja yanatosha kuotesha ukungu kanvasi nzima. Ukungu ukishatokea, tenga picha hiyo, ikaushe kivulini penye upepo, na usiianike juani. Kila mwezi inua kila kazi, tazama nyuma na chini. Mchwa hawaji kwa kelele.

Kanvasi isiyokuwa na fremu, kama lazima ikunjwe, izungushwe kwenye bomba pana, angalau sentimita 15 kwa upana wa mdomo, rangi ikitazama nje. Karibu kila mtu hufanya kinyume, akidhani ndani ndiko salama. Rangi ikiwa ndani hubanwa na kujikunja, na ukikunjua inabanduka.

Picha za ukutani kanisani zina hatari yake: kamati ya ukarabati. Ndoo mbili za rangi nyeupe kabla ya sikukuu, na kazi ya miezi imekwisha, mara nyingi bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Andika barua kwa baraza la wazee mapema, ukiomba uamuzi uingizwe kwenye muhtasari wa kikao, na ubandike karibu na picha kibao kidogo chenye jina na mwaka. Michoro ya Elimo Njau katika kanisa kuu la Murang'a, yenye maisha ya Kristo katika mandhari ya Kiafrika, ilifanywa miaka ya 1950, na watu husafiri kwenda kuiona, kwa hiyo mfano wa kuwaonyesha wazee mnao. Msipake vanishi juu ya picha ya ukutani. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi utakosa pa kutokea na utaisukuma rangi kutoka ndani.

Karatasi za mchungaji

Hapa ndipo kumbukumbu ya mchungaji mchoraji inapotofautiana na ya mchoraji mwingine yeyote, na hapa pia ndipo pa kuwa na woga.

Kusanya madaftari ya mahubiri, Biblia zenye maandishi pembeni, ratiba za ibada, na bahasha. Wachungaji wanaochora huchora popote, na mchoro wa mama aliyeketi benchi la tatu unaweza kuwa nyuma ya tangazo la harambee ya 1991. Toa pini na vibanio vya chuma, vinaota kutu. Usitumie selotepu. Usipeleke kitu chochote kilichochorwa au kuandikwa kwa mkono kikafanyiwe laminesheni. Watu hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, lakini joto linaunguza wino na plastiki haitoki tena. Bahasha ya karatasi na boksi lenye mfuniko vinatosha.

Kisha kuna barua za washirika: waliokiri, walioomba msaada, waliosimulia ndoa zao, maradhi yao, watoto waliowapoteza. Hizo ni siri za wenyewe. Familia na mtumishi mmoja anayeaminika wazitenge bila kuzisoma zaidi ya kujua ni za nani, zifungwe kwenye bahasha, ziandikwe "zisifunguliwe", na mwenye barua akiwa hai arudishiwe. Huruma ya marehemu ilikuwa pamoja na kunyamaza kwake, na mjukuu asije akaivunja kwa kurusha barua mtandaoni ili kuonyesha babu alivyopendwa. Vivyo hivyo picha za watu: mgonjwa aliyekubali kuchorwa kitandani hakukubali jina lake litajwe kwenye maonyesho. Muulizeni yeye au ndugu zake kwanza.

Johanna alipata barua za Vincent zilizojaa droo. Zilizosalia leo ni karibu 820 alizoandika yeye, zaidi ya 650 zikiwa kwa Theo, na nyingi hazikuwa na tarehe. Alilazimika kuzipanga kwa kufuata mambo yaliyotajwa ndani. Alizichapisha 1914 katika majuzuu matatu, miaka 24 baada ya kifo, na alieleza sababu ya kungoja: ingekuwa kumdhulumu marehemu kuwavuta watu kwenye maisha yake kabla kazi aliyoitolea maisha hayo haijatambuliwa. Mpaka hapo alikuwa amekwisha kuandaa maonyesho makubwa Amsterdam mwaka 1905, katika jumba la Stedelijk, yenye kazi zaidi ya 400. Kwetu huwa tunaanza na kijitabu cha maisha chenye picha ya marehemu jaladani, na kazi zake zinangoja chini ya kitanda. Mpangilio wa Johanna ndio wa kufuata.

Wasifu wa kusomwa

Dakika saba, basi. Kwa usomaji wa kanisani, wenye kutulia, hizo ni maneno kama 650. Ukizidi hapo watu wanaanza kutazama saa na jua la kaburini.

Usigawanye maisha vipande viwili, "utumishi wake" na "kipaji chake". Tafuta kiungo. Mwaka gani aliacha mimbari, au alianza kushika brashi akiwa bado mimbarini? Nini kilimsukuma? Aliowahudumia na aliowachora ni watu walewale? Kwa Vincent jibu liko wazi: alitoka migodini akaendelea na watu walewale wa kazi ngumu, wake wa wachimbaji waliobeba magunia ya makaa mgongoni (1881), wakulima wanaokula viazi chini ya taa (1885). Oktoba 1885, miezi michache baada ya baba yake kufariki, alichora Biblia kubwa iliyofunguliwa Isaya 53, mshumaa uliozimika kando yake na riwaya ndogo ya manjano mbele. Na Mei 1890, miezi miwili kabla hajafa, alichora Msamaria Mwema akimpandisha majeruhi juu ya mnyama, kuhani na Mlawi wakitokomea njiani nyuma yao. Ukiwa na picha kama hizo, wasifu unajiandika. Tafuta za kwenu.

Kuondolewa kazini, mgogoro na usharika, ugonjwa wa akili, ulevi alioushinda au uliomshinda: visifichwe wala visipambwe. Andika lililoamuliwa na mwaka wake, bila kueleza nia za walioamua. Ripoti ya Borinage ilisema mawili kwa pamoja, huruma na upungufu, na leo sentensi ile inamheshimu Vincent kuliko sifa tupu.

Kwa kukusanya habari, waanzeni wazee na waliokaa kuchorwa. Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa mpole, mcheshi, mcha Mungu, na wote watasema hivyohivyo. Uliza: "Mara ya mwisho alikuja kwako amebeba nini?" "Ulipokuwa umekaa akuchore, mliongea nini?" "Alikaa upande gani wa dirisha?" "Picha hiyo ulimlipa, au?" Rekodi kwa simu, ukianza kwa kutaja jina, mahali na tarehe. Dakika 40 zinatosha kwa mzee. Ukimchosha, siku ya pili hatakupokea.

Picha ukutani siku ya ibada

Siku ya mazishi ya Vincent huko Auvers-sur-Oise, 30 Julai 1890, rafiki zake walitundika picha zake kuzunguka jeneza ndani ya chumba cha nyumba ya wageni, wakaweka mbele yake stendi, kiti chake cha kukunja na brashi, na maua ya manjano. Paroko wa hapo alikataa kutoa gari la kubebea maiti la kanisa. Kila aliyeingia alimwona marehemu kupitia kazi zake.

Mnaweza kufanya hivyo ukumbini kwa picha 12 mpaka 20, si zote. Katikati ya kila picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na zote zifuate mstari huo wa katikati, hata kama ukubwa unatofautiana. Kila moja ishikwe kwa misumari miwili, ili isiyumbe mlango ukifunguliwa. Madhabahuni penye mishumaa na ubani pasiwekwe. Lebo iwe na jina, mwaka, vifaa, kipimo, na "kwa hisani ya" aliyeazima. Anayeazimisha apewe stakabadhi yenye namba, hali ya picha na tarehe ya kurudishwa. Garini zisafiri wima, zikiwa zimefungwa pembe kwa boksi, na mizigo isiwekwe juu yake.

Siku hiyo msiuze. Watakuja wenye fedha mkononi, na msiba ni mbaya kwa kupanga bei. Johanna alionyesha za kuuza pamoja na zisizouzwa, akauza kidogokidogo kwa miaka mingi, na alizozipenda zaidi akazishikilia. Ile picha ya alizeti iliyoko London alikubali kuiachia 1924, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Mkijauza, kumbukeni mnunuzi anapata kitu, hapati haki ya kuchapisha fulana na kadi. Tanzania na Kenya, hakimiliki ya mchoraji hubaki kwa warithi wake miaka 50 baada ya kifo. Andikeni hivyo kwenye hati ya mauzo, na mkihitaji msaada nendeni ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya.

Na ile iliyobaki kwenye stendi haijamalizika, iacheni hivyo. Msimwite fundi mwingine aimalizie, hata mwanafunzi wake. Hifadhini pia ubao wa kuchanganyia rangi kama ulivyokauka. Kazi ya mwisho ya Vincent, mizizi ya miti, aliifanya asubuhi ya 27 Julai 1890 na hakuimaliza. Kwa miaka 130 mahali penyewe hapakujulikana, mpaka 2020 mtafiti Wouter van der Veen alipopatambua katika postikadi ya zamani: ukingo wa barabara, mtu na baiskeli yake, na mizizi ileile, karibu kabisa na nyumba alimolala. Kwa hiyo toka nje na simu, simama pale alipokuwa anasimama, na upige picha ya alichokuwa anakitazama, mti, banda, au uchochoro wa jirani, kabla hawajaukata au kujenga. Iandike kwenye daftari, chini ya namba ya picha hiyo.